Fundi wa Mwanga na Kivuli: Ranchhod Oza wa Unguja

Taifa lina desturi ya kuwakumbuka wale waliosema na kutenda hadharani: viongozi, mashujaa, washairi, masheikh na wanamichezo. Desturi hiyo ni njema na haina budi kudumishwa. Lakini liko kundi jingine la watu ambao kazi yao maisha yote ilikuwa kuwatazama wenzao, na lau si kutazama kwao tusingejua leo nyuso za hao tunaowakumbuka zilikuwaje. Hao ni wapiga picha.

Katika nyumba nyingi za Ngamiani, tangu zile barabara za namba za mwanzo hadi za mwisho, uko ukuta mmoja wa ukumbini unaoheshimiwa kuliko kuta nyingine. Hapo ndipo zinapotundikwa picha za wazee. Mgeni akikaribishwa na akakaa, huelezwa huyu ni nani, alizaliwa wapi, alioa kwa nani na alifariki lini. Aliyekaa mbele ya kamera anajulikana hadi ukoo wake. Aliyesimama nyuma ya kamera haulizwi kabisa. Leo tumekusudia kuuliza habari za mmoja wao.

Bahari iliyo baina ya Tanga na Unguja haijapata kuwa ukuta. Watu wetu wameivuka kwa jahazi na kwa meli kwenda kuoa, kusoma, kufanya biashara na kuchuma karafuu. Kwa hiyo tunapomzungumza Ranchhod Oza, mpiga picha wa Mji Mkongwe wa Unguja, hatuzungumzi habari za ugenini. Tunazungumza habari za mwambao mmoja, ambao watu wake walivaa namna moja na walipenda kuonekana namna moja.

Oza alizaliwa mwaka 1907 katika jamii ya Wagujarati. Alifika Unguja mwaka 1925, kijana wa miaka 18 hivi, akaingia kujifunza kazi katika studio ya akina Gomes, ukoo wa wapiga picha wenye asili ya Goa. Hapo alikuta ufundi ambao tayari ulikuwa na historia ndefu katika pwani yetu. Tangu ufundi wa Daguerre ulipotangazwa mjini Paris mwaka 1839 haikupita hata miaka kumi kabla haujafika kwetu, kwani kati ya mwaka 1846 na 1848 msafara wa Mfaransa Charles Guillain ulipiga picha za watu wa mwambao huu juu ya mabamba ya shaba yaliyopakwa fedha. Baadaye, katika karne hiyo ya 19, wakaja Wagoa: Gomes, na baada yake Coutinho, wakafungua studio na kuuza picha kwa wakazi na kwa wageni waliokuwa wakipita.

Hapa inatubidi tusimame kidogo, kwa sababu ndipo ulipo mzizi wa jambo tunalotaka kulisema.

Lugha yetu inatofautisha kupigwa picha na kujipigisha picha. Tofauti hiyo si ndogo. Katika zama za wakoloni mwambao wote ulijaa postikadi. Mzungu alinunua postikadi bandarini, akaandika salamu nyuma yake na kuipeleka kwao. Upande wa mbele alikuwapo mwanamke wa pwani, au mchukuzi, au mtoto mwenye kidumu cha maji. Chini yake yaliandikwa maneno machache ya kutaja kabila au kazi. Jina halikuwapo. Mtu yule alikuwa na mama aliyempa jina na mwalimu wa chuo aliyemfundisha kuliandika, lakini juu ya postikadi alikuwa ni namna ya mtu tu, mfano wa watu wenziwe, bidhaa kama pembe na karafuu. Huyo alipigwa picha.

Mwaka 1930 Oza alifungua studio yake mwenyewe, akaiita Capital Art Studio. Wakati huo haukuwa mwema kwa biashara. Mtikisiko wa uchumi ulioanzia Marekani mwaka 1929 uliteremsha bei za mazao ulimwenguni kote, na kisiwa kilichotegemea karafuu hakikusalimika. Pamoja na hayo, watu walikuja. Walikuja wakiwa wamekoga, wamejifukiza udi, wamevaa nguo walizozichagua wenyewe, wakalipa fedha zao na kudai waonekane kama wanavyotaka kuonekana. Hao walijipigisha picha.

Ili msomaji aone uzito wa jambo hili, ni vizuri tukumbuke mavazi yalikuwa na maana gani katika visiwa vile. Amri ya kukomesha utumwa Unguja na Pemba ilitolewa mwaka 1897, na masuria hawakuingizwa katika uhuru huo mpaka mwaka 1909. Kabla ya hapo nguo ilikuwa ndiyo sheria iliyoandikwa juu ya mwili. Mtumwa alivaa kaniki au kipande cha merikani. Kofia na viatu havikuwa haki yake. Basi watu walipopata uhuru, jambo la kwanza walilolifanya wengi wao lilikuwa kuubadilisha mwili huo. Wanaume wakavaa kanzu nyeupe na kofia ya kushonwa kwa mkono. Wanawake wakaiacha kaniki, wakanunua kanga zenye rangi na maua, na miaka ilivyosonga wakavaa buibui pia. Kwa hiyo nguo mpya haikuwa anasa. Ilikuwa ni hati ya uhuru, isomwayo na kila mtu barabarani.

Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa amri alikuwa na miaka 33 Oza alipofungua mlango wake. Alikuwa mtu mzima mwenye familia. Alipoingia studio amevaa kanzu iliyopigwa pasi, na koti la Kizungu juu yake, na saa mkononi, hakuwa anamwiga mtu kwa upuuzi kama walivyodhani baadhi ya wasomi wa kikoloni. Alikuwa akiweka ushahidi. Kamera ndiyo iliyokuwa karani wake.

Hii ndiyo sababu tunasema kwamba wapiga picha wa studio wa mwambao walikuwa, pamoja na kuwa wapiga sura, wenye kuandika historia ya mavazi yetu. Huko Paris na New York wako watu waliojipatia utajiri na sifa kwa kupiga picha za mitindo, wakimvika mwanamke mwembamba nguo ya fundi mashuhuri na kuichapa katika majarida. Kwetu fundi wa picha hakumvika mtu. Mtu alikuja amekwisha kujivika. Kazi ya Oza ilikuwa kuiheshimu nguo ile: kuufanya weupe wa kanzu usiwe doa tupu katika picha, kuufanya ukingo wa kanga uonekane mji wake na pindo lake, kuufanya uzi wa dhahabu wa joho ung'ae bila ya kuufunika uso wa mwenyewe.

Jambo hilo ni gumu kuliko linavyosikika. Filamu na sahani za kioo za zama zile hazikuwa na huruma. Ngozi nyeusi juu ya kanzu nyeupe ni mtihani mkubwa kwa mpiga picha: akiifuata kanzu, uso huzama gizani; akiufuata uso, kanzu huungua na kupoteza mikunjo yake yote. Fundi mzuri huusuluhisha mgogoro huo kwa kuupanga mwanga. Huutoa upande mmoja, akauacha upande wa pili wa uso katika kivuli chepesi, na mbele ya pazia la nyuma mtu huonekana kama aliyejitokeza taratibu kutoka gizani.

Hapo ndipo tunapofikia tabia ya picha za Oza iliyomtofautisha. Mwenye kuzitazama kwa mara ya kwanza anaweza kuziona zina simanzi. Vivuli ni vizito, watu hawacheki sana, na sehemu kubwa ya picha huachwa katika giza. Hayo yanaonekana zaidi katika picha zake za mji. Oza hakujifungia studio. Alitoka na kamera yake, akazipiga njia za Mji Mkongwe, milango ya nakshi, vibaraza, mashua ufukweni na waendesha baiskeli. Baiskeli zimejaa katika picha zake za miaka ya 1950: inayopita, iliyoegeshwa ukutani, na ile ambayo mwenyewe amesimama kidogo kumsalimu mtu.

Simanzi hiyo haikuwa madoido. Nyumba za mawe za Unguja zilijengwa ndefu na kukaribiana kwa makusudi, ili njia zipate kivuli na wapitaji wapumue. Jua huzifikia njia hizo kwa muda mfupi tu, tena kwa mshazari, kama ukanda wa kitambaa cheupe ulioangushwa kutoka dari hadi chini. Mpiga picha anayesimama hapo hulazimika kuchagua. Hawezi kupata mwanga na giza vyote kwa pamoja kwa usawa. Wengine hungoja mawingu ili mambo yalingane. Oza aliuchagua ule ukanda wa mwanga, akaliacha giza libaki giza, akangoja mtu apite. Ndiyo maana watu wake wa njiani wanaonekana kama walioitwa kwa jina kwa nukta moja, kisha wakaachwa waende zao.

Fauka ya hayo, tusisahau taabu ya kazi yenyewe. Utando wa filamu ni jelatini yenye chumvi za fedha. Dawa za kusafishia picha zilitengenezwa na watu wa nchi za baridi, nazo hufanya kazi vizuri katika joto la nyuzi 20 hivi za Selsiasi. Maji ya pwani yetu huwa na uvuguvugu zaidi ya hapo karibu mwaka mzima. Yakizidi joto, jelatini hulainika, hujikunja na hata kubanduka. Kwa hiyo mafundi wa nchi zetu walizoea kusafisha picha usiku na kutafuta barafu ya kupoza maji, wakifanya kazi hiyo katika chumba kisicho na dirisha, chini ya taa nyekundu, huku jasho likiwatiririka. Baadaye hufuata kuirekebisha negativu kwa ncha ya penseli, kufuta alama ya vumbi, na pengine kuipaka picha rangi kwa mkono. Picha moja ndogo ya bibi arusi imebeba saa nyingi za kazi isiyoonekana.

Sasa tuje katika jambo ambalo msomaji wetu mwenye msimamo atalishika mara moja. Ranchhod Oza alikuwa pia mpiga picha wa jumba la Sultani. Kwa miaka mingi ya enzi ya Sultani Khalifa bin Haroub, aliyetawala tangu 1911 hadi 1960, kamera yake iliingia pale ambapo mchumaji wa karafuu hakuingia. Je, yafaa safu hii imsifu mtu kama huyo?

Jawabu letu ni kwamba insafu inataka tuitazame kazi yote, si mlango mmoja tu uliofunguliwa. Ni kweli aliwapiga picha watawala katika fahari yao. Lakini lenzi haina adabu za kitwana. Inachukua fahari ya mtawala na inachukua pia watumishi waliosimama nyuma yake, gwaride la mkoloni pembeni, na umbali uliokuwapo baina ya jukwaa na raia. Mwenye kutaka kuwafahamisha vijana kwa nini palitokea Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 anaweza kuandika kurasa mia. Anaweza pia kuziweka juu ya meza moja picha ya sherehe ya kasri na picha ya mtembea miguu peku wa miaka ile ile, kisha akanyamaza. Nchi inayochoma picha za waliomtangulia adui wake huwa imechoma na ushahidi wake yenyewe.

Baada ya Mapinduzi, na baada ya Muungano wa tarehe 26 Aprili mwaka huo huo, wengi wa jamii ya Oza walihama. Wapo waliokwenda Dar es Salaam, wengine India, wengine Uingereza. Studio ya Oza haikufungwa. Mteja mkubwa wa kale alikuwa ameondoka, lakini mji ulibaki, na mji daima una watu wanaooa, wanaozaa, wanaosafiri na wanaotaka sura zao zibaki. Mtu anayebaki wakati wa mabadiliko makubwa, akaendelea kuitumikia kazi yake mahali pale pale, ametoa hukumu yake juu ya mahali hapo bila ya kutamka neno.

Wala Oza hakuwa peke yake katika mwambao. Mombasa alikuwako Narandas Vinoo Parekh, aliyefungua studio yake mwaka 1942 na kuwapanga wateja wake katika mikao na taa zilizofanana na za michezo ya sinema. Lamu alikuwako Omar Said Bakor, aliyeunganisha vipande vya picha hata sura ya mtu ikatokea mahali pa ajabu kama katika ndoto. Kwingineko Afrika, mjini Bamako, Seydou Keïta alianza studio yake mwaka 1948, akawapiga watu wa mji wake wakiwa na redio, saa na nguo zao bora, na miaka mingi baadaye ulimwengu wa Ulaya na Marekani ukamtambua kuwa ni bingwa. Hao wote walifanya kazi moja kwa wakati mmoja: walimpa mtu wa kawaida nafasi ya kuamua ataonekanaje.

Oza alifariki mwaka 1993. Mwanawe aliirithi kazi, na katika karne hii ya 21 wageni wengi wanaofika Mji Mkongwe, uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, wameijua studio hiyo katika Barabara ya Kenyatta na kununua humo nakala za picha za zamani. Hatuna neno juu ya riziki hiyo. Ni halali, na pengine ndiyo iliyozinusuru picha zenyewe zisiozee.

Lakini iko hatari ambayo si kosa la muuzaji wala la mnunuzi. Mgeni hununua picha ya mzee wa baiskeli au ya mwanamke mwenye kanga, akaitundika nyumbani kwake ng'ambo. Hajui ni nani. Na mara nyingi nasi hatujui. Basi mtu yule aliyekoga, akajifukiza, akalipa fedha yake ili asiwe namna ya mtu bali awe yeye, anarudishwa tena kwenye postikadi. Safari hii aliyemrudisha si mkoloni. Tumemrudisha sisi tuliosahau jina lake.

Na hilo si la Unguja peke yake. Picha za ukumbi wa Ngamiani zina hatari ile ile. Chumvi ya bahari inazila. Ukungu unaila ile jelatini tuliyoitaja. Mchwa anaanza na fremu kisha anaingia ndani. Mzee anapofariki, nyumba inapakwa rangi, ukuta unavuliwa picha, na sanduku linasogezwa uani mpaka masika. Vijana wetu wana kamera ndani ya simu zao, wanapiga picha mia kwa siku moja, na huenda wasijue kwamba picha pekee ya bibi yao inaoza hatua kumi kutoka walipoketi.

Kwa hiyo tunatoa rai tatu, na zote hazihitaji bajeti. Kwanza, kila familia ikae na mkubwa wake aliyebaki, ishushe picha moja moja, na iandike nyuma yake kwa penseli laini jina la mtu, mahali, na mwaka ikiwezekana. Kalamu ya wino isitumike, kwani wino hupenya hata mbele. Pili, picha zitiwe katika bahasha za karatasi kavu na kuwekwa mbali na ukuta wenye unyevu. Na huyo kijana mwenye simu azitolee nakala. Tatu, iwapo jina la studio limepigwa muhuri nyuma au pembeni, nalo lihifadhiwe. Fundi pia ana haki ya kutajwa. Waalimu wa historia katika shule zetu wanaweza kuifanya kazi hii kuwa zoezi la muhula mmoja, na makumbusho yetu ya Boma la zamani hapa Tanga, kama yalivyo makumbusho mengine nchini, bila shaka yangefaidika na mavuno yake.

Ranchhod Oza alikaa nyuma ya kamera kwa sehemu kubwa ya karne ya 20. Aliupa uso wa mtu mwanga wake, akaipa nguo heshima yake, akaacha kivuli kikae mahali pake. Hayo aliyaweza kwa mikono yake. Jina la mtu hakuweza kulipiga picha. Hilo alituachia sisi.